Mzazi wa Bandani

Mwaka ule wa tisini na sita nilikuwa na wazazi wawili nyumbani kwangu kwa wakati mmoja. Ndani alilala Victoria, mke wa mwanangu Jovin, na mtoto wa kiume. Bandani alilala Mtasema, mbwa wangu, na watoto tisa. Victoria alitangulia kujifungua kwa siku nane. Mimi ndiye niliyewauguza wote wawili, na kwa kuwa sijawahi kufanya jambo nusunusu, niliwauguza kama ipasavyo huku kwetu Kilema: mzazi anakula, mzazi anapumzika, na mzazi havuki mlango mpaka miezi mitatu iishe. Kupika na kulinda mlango ni kazi ya mama mkwe.

Jina la Mtasema nililitoa mwenyewe, liwafikie majirani waliosema sana nilipofiwa na mume wangu nikakataa kugawa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Walisema, wakachoka, mbwa akabaki na jina.

Mbwa hubeba mimba miezi miwili na siku chache tu. Nilihesabu kwenye kalenda ya kanisa. Tumbo lilipoanza kuonekana nikaanza kumlisha: mtori wa ndizi wenye nyama, maziwa ya jioni, na kila asubuhi kijiko cha unga wa mifupa, ule tunaompa ng'ombe mwenye mimba ili ndama atoke na mifupa imara. Ng'ombe wangu wote wamezaa vizuri kwa unga ule. Watu walicheka waliponiona napita uani na sufuria mbili, moja ya mkwe na moja ya mbwa. Niliwaacha wacheke, meno ni yao.

Walipopita watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa pale shuleni, tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Nilimficha jikoni. Nilisema sindano itamharibia mimba. Hakuna mtaalamu aliyeniambia hivyo, nilijiambia mwenyewe na nikajikubalia.

Akazaa kumi, mmoja akatoka amekufa. Tisa waliobaki walikuwa na sauti ya kutosha ishirini. Nilimbadilishia gunia kila siku, nikampikia mara tatu, nikamfungia mlango asipigwe na upepo. Siku ya kumi na mbili watoto wakafungua macho. Nilijisifu mbele ya kila aliyefika kumpongeza Victoria. Walikuja kuona mjukuu, nikawapeleka kuona mbwa.

Ilikuwa Jumanne, watoto wa mbwa wana siku ishirini na tatu. Jovin alikuwa amesafiri na lori la mahindi. Nilifungua banda asubuhi nikamkuta Mtasema amesimama pembeni anahema, ulimi nje, na hapakuwa na joto lolote. Watoto walimfuata chuchu, yeye akawakwepa. Nikapandwa na hasira.

"Wewe ni mama wa namna gani?" nikamwambia. Nikamlaza kwa nguvu, nikawapanga watoto kwenye chuchu mmoja mmoja, nikamshikilia kichwa mpaka wakashiba. Nilifanya hivyo mara tatu kabla ya saa nne.

Mara ya tatu alipoinuka, miguu ilikuwa imekaza, anatembea kama mtu aliyepanda magongo. Akagonga ukuta. Midomo ikaanza kumtetemeka, kisha mabega, kisha mwili mzima, na povu likamtoka pembeni mwa mdomo.

Nikapiga yowe. Hilo ndilo kosa nililolijua papo hapo. Mengine nilikuja kuyajua baadaye.

Wa kwanza kufika alikuwa Rogath, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe, akaja na panga lake mkononi. Alichungulia bandani mara moja tu, na uso wake ukabadilika.

"Mama Jovin, funga mlango."

"Anaumwa tu huyu."

"Funga mlango, mae! Nyumbani mwako mna mtoto mchanga!"

Akaufunga yeye mwenyewe, akaondoka mbio kwenda kumwita Antoni, mwenyekiti wa kitongoji.

Sitaki mtu amwone Rogath mbaya. Miaka miwili kabla ya hapo mtoto wa kaka yake, binti wa miaka saba, aliumwa na mbwa mwenye kichaa pale mferejini. Rogath ndiye aliyemshika siku zake za mwisho. Mtoto alikuwa na kiu, lakini kila alipoletewa kikombe cha maji alipiga kelele. Nilikwenda kuwasaidia kule, nikasikia kwa masikio yangu. Na Kwaresima ya mwaka ule ule wa tisini na sita, mbwa mwingine mwenye kichaa alipita kijijini kabla hajauawa. Kwa hiyo hofu ilikuwa bado mbichi.

Haikupita robo saa wakawa wanaume sita uani kwangu, wana magongo, wana mapanga, na mmoja amebeba mkuki wa babu yake. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa banda.

"Alichanjwa?" akauliza Antoni. Ni mtu mpole, haulizi ovyo.

"Hakuchanjwa."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na mimba."

Mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mama Jovin, unaijua amri," Antoni akasema. "Mbwa yeyote mwenye dalili anauawa palepale. Sikuitunga mimi."

"Na watoto pia," akasema Rogath. "Wamemnyonya."

Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi.

Hapo nikasikia sauti ya Victoria nyuma yangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba, mtoto kifuani.

"Mama, hicho si kichaa."

"Rudi ndani."

"Ng'ombe wa mama yangu alianguka hivyo hivyo, wiki moja tu baada ya kuzaa. Alitetemeka, akakakamaa, tukajua amekufa. Bwana mifugo akasema ni homa ya maziwa, madini yote yamekwenda kwenye maziwa. Akamchoma sindano, ng'ombe akasimama."

"Huyu ni mbwa!"

"Ananyonyesha tisa, mama. Watoe kwanza. Kila wakinyonya wanamzidishia."

"Mzazi hatoki nje!" nikafoka. "Upepo utakuingia, halafu nikamwambie nini mume wako?"

Victoria alikuwa mkwe mtulivu. Mwaka mzima aliokaa kwangu hakuwahi kunijibu mara mbili. Siku ile hakunijibu hata mara moja. Alivuka kizingiti, akapita katikati ya wale wanaume, akanikabidhi mtoto, akachukua tenga la kubebea kahawa na kufungua banda. Wanaume wakarudi nyuma wote. Yeye aliinama humo ndani na mbwa anayetetemeka, akawatoa watoto mmoja mmoja, tisa, akawafunika kwa kanga yake, akalipeleka tenga jikoni. Kisha akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Ebenezeri ana dawa dukani kwake," akasema. "Nani aende?"

Ebenezeri alikuwa bwana mifugo wetu mpaka serikali ilipopunguza watu kazini mwaka uliotangulia. Sasa alikuwa na kiduka cha dawa za mifugo kule sokoni, njia ya kuteremkia Himo, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Niliwatazama wale wanaume. Hakuna aliyetaka kuonekana anakimbilia dawa ya mbwa. Mimi nikiondoka mlangoni, nitarudi nimkute Mtasema amekwisha.

"Basi nakwenda mimi," akasema Victoria.

Siku thelathini na moja tangu ajifungue! Huku kwetu, mzazi wa siku thelathini na moja akionekana barabarani, mama mkwe wake husemwa mpaka aingie kaburini. Ninajua, kwa sababu mimi mwenyewe nimewasema wengine. Mtoto alikuwa mikononi mwangu, mbwa alikuwa akikwaruza mbao nyuma yangu, na sheria niliyoilinda mwezi mzima ilikuwa inanitazama kwa macho ya Victoria.

"Nenda," nikasema.

Antoni akatazama jua. "Tutangoja kengele ya kanisani ya saa sita, Mama Jovin. Ikilia hajafika, hatutangoja tena."

Nikakubali. Ningesema nini?

Kusubiri kule simtakii mtu yeyote. Mtoto alikuwa amelala, hajui lolote. Nyuma ya mlango nilisikia kucha za Mtasema zikikwaruza, halafu kishindo, ameanguka, halafu meno yakigongana tatatata bila kukoma. Ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Mpaka dakika ile nilikuwa na hasira tu, na hasira ina tabia ya kufanana na ujasiri. Kama Rogath yuko sahihi je? Ng'ombe wa mama yake Victoria alikuwa ng'ombe. Mbwa wangu hakuchanjwa, na kabla hajashika mimba alizurura apendavyo. Vidole vyangu vilikuwa na mikwaruzo ya kisu, maana namenya ndizi kila siku, na asubuhi ile ile nilikuwa nimemshika kichwa mara tatu, mate yake yamenilowesha mikono. Na mikono hiyo hiyo sasa imembeba mjukuu. Nikamsogeza mtoto mbali kidogo na vidole vyangu, nikamlaza kwenye mkono wa juu.

"Alikuwa ananiomba maji," Rogath akasema. Hakuwa anasema na mtu. "Nikimletea, analia. Nikiyaondoa, ananiomba tena."

Mtasema akagumia mle ndani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Kengele ikalia.

Wanaume wawili walivua kofia kwa mazoea, wakasali sala ya Malaika wa Bwana kimoyomoyo, na mimi nikasali nao, polepole kuliko nilivyowahi kusali maishani. Waliomaliza walinisubiri. Nilipotia amina, Rogath akapiga hatua mbele.

"Toka, mae. Tafadhali."

"Antoni," nikaita, "shika huyu."

Nikampa mtoto. Antoni ilibidi aangushe gongo ili ampokee, na alipokuwa bado anatafuta namna ya kumshika shingo, mimi nilishafungua mlango nikaingia. Nikauegemea kwa mgongo, miguu nikaikita kwenye nguzo ya katikati. Mimi ni mwanamke mzito, namshukuru Mungu kwa hilo.

Mtasema alikuwa amelala ubavu, miguu minne imenyooka kama miti, shingo imepinda kwa nyuma, macho wazi bila kuona. Nilimgusa kwa ncha ya mguu. Alikuwa wa moto. Bakuli lake la maji lilikuwa karibu, nikafungua kitenge changu cha juu, nikakilowesha, nikamtupia tumboni. Kichwa kikaruka, meno yakafunga hewa pembeni ya kifundo cha mkono wangu.

Niliogopa. Sioni aibu kusema. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, sikutaka kufa nikiogopa maji.

"Ukiniuma tutakufa wote, mbwa mjinga," nikamwambia, na machozi yakanitoka. Nikakilowesha kitenge tena.

Mlango ukasukumwa mara moja, mgongo ukaniuma, mlango ukarudi. Kisha nikamsikia Rogath akilia kule nje, mtu mzima yule, ananisihi nitoke. Ningependelea anitukane.

Halafu nikasikia pikipiki, nikachungulia kwenye upenyo wa mbao.

Ebenezeri alikuja nayo ile ya kazini, aliyoachiwa kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuidai. Nyuma yake alikaa Victoria, miguu upande mmoja, kifua cha gauni kimelowa maziwa. Ebenezeri alianza kuuliza maswali kutoka nje ya mlango, hata salamu hakusalimia.

"Ana watoto wangapi?"

"Tisa!"

"Siku ngapi?"

"Ishirini na tatu!"

"Kabla ya kuanguka alihema? Alitembea amekaza miguu?"

"Vyote!"

"Fungua, mama."

Nikafungua. Aliingia na mkoba, na Rogath akaingia nyuma yake na panga. Ebenezeri hakumfukuza. Kwanza alimfunga Mtasema mdomo kwa ukanda wa bendeji, akamfunika kichwa kwa gunia.

"Ni maziwa au ni kichaa?" Rogath akauliza.

"Sijui bado," Ebenezeri akasema. "Dawa ndiyo itakayotuambia. Kama ni kichaa, haitafanya kitu, na wewe utafanya kazi yako."

Dawa ilikuwa ile ile ya ng'ombe, yenye madini ya chokaa, yale ya mifupa, ila alivuta kidogo tu kwenye bomba la sindano na kuizimua. Akatafuta mshipa kwenye mguu wa mbele. Mguu ulikuwa unaruka, akaukosa mara mbili. Nikaukumbatia kwa mikono yote miwili. Mara ya tatu damu ikachungulia kwenye bomba, akaanza kusukuma. Alisukuma polepole mno, mkono mwingine ameuweka juu ya moyo wa mbwa.

"Ongeza basi," nikasema.

"Nikiharakisha, moyo unasimama."

Akaacha kabisa, akasikiliza. Akaendelea. Akaacha tena. Hakuna aliyepumua mle bandani ila Mtasema. Panga la Rogath lilikuwa karibu na sikio langu, nikiligeukia naona makapi ya majani mabichi kwenye makali yake.

Miguu ya nyuma ndiyo iliyotangulia kulegea. Nilidhani anakata roho. Kisha shingo ikashuka chini, taratibu, na meno yakanyamaza. Akavuta pumzi ndefu na kunikojolea miguuni. Ebenezeri akaondoa gunia. Mtasema akapepesa macho, akaniona, akainua kichwa, akaanza kunusa pale kwenye majani walipokuwa watoto wake.

Rogath akateremsha panga. Alitoka nje.

Ebenezeri akafuta sindano yake. Victoria alikuwa amesimama mlangoni. Tulikuwa watatu tu.

"Alipokuwa na mimba ulimpa nini, mama?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamtajia kwa fahari, nadhani nilikuwa bado sijatulia akili: nyama, mtori, maziwa, na unga wa mifupa kila asubuhi tangu tumbo lilipoonekana.

Mkono wake ukasimama.

"Ndio huo," akasema. "Mwili wake ulizoea kupewa chokaa, ukaacha kuitafuta kwenye mifupa yake. Maziwa ya watoto tisa yalipoanza kutoka, chokaa ikahitajika kwa haraka, mwili haujui tena pa kuichukua. Mbwa mwenye mimba anahitaji chakula kizuri tu. Unga wa mifupa ungengoja mpaka azae. Na leo umemnyonyesha mara ngapi?"

"Mara tatu," nikasema. "Alikataa, nikamlazimisha."

Hakunigombeza. Alinipa maagizo tu. Watoto wasimguse mama yao mpaka kesho mchana, wanyweshwe maziwa ya ng'ombe ya vuguvugu, kidogo kidogo. Wakirudishwa wanyonye mara chache, na waanze kulambishwa uji. Mama ale mara nyingi na maji yasimkauke, na sasa ndiyo apewe ule unga. Akipata nguvu apelekwe akachanjwe. Akitetemeka tena, aitwe yeye, saa yoyote.

Tulipotoka, wale wanaume walikuwa bado uani, mtoto analia mikononi mwa Antoni.

"Kumbe ilikuwa nini?" Antoni akauliza.

Nilifungua mdomo, lakini Victoria aliniwahi.

"Ni wingi wa watoto, baba. Tisa ni wengi mno kwa mama mmoja."

Alisema hivyo bila kunitazama. Alikuwa amesikia kila neno la Ebenezeri. Asubuhi nzima nilimfokea mbele ya watu, na sasa mbele ya watu wale wale alikuwa ananifunika. Ningenyamaza, habari ingeishia pale, na kijiji kingenisifu kwa kuokoa mbwa. Nilitamani kunyamaza. Hata leo nikikumbuka, nakumbuka jinsi nilivyotamani.

"Hapana," nikasema. "Ni mimi. Nilimlisha dawa ya ng'ombe akiwa na mimba. Leo asubuhi alipoanza kuumwa, nikamkamata nikamnyonyesha kwa nguvu. Na siku ya chanjo nilimficha jikoni."

Nilitarajia kicheko, ningekivumilia. Rogath ndiye aliyesema.

"Na kingekuwa kichaa, Mama Jovin?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Ulikuwa umembeba mtoto," akasema. "Mikono yako ilikuwa na mate yake, na ulikuwa umembeba mtoto."

"Najua," nikasema.

Akageuka, akavuka mfereji kurudi kwenye majani yake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na yule mwenye mkuki akiwa wa mwisho.

Victoria akampokea mtoto kwa Antoni. Nilijua atakwenda ndani, mlango ulikuwa wazi. Hakwenda. Alikaa chini palepale uani, mgongo kwenye ukuta wa jikoni, juani, akafungua gauni na kumnyonyesha, na barabarani watu walikuwa wanapita na kutazama. Neno likanijia mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza, nikaingia ndani kumtafutia kigoda.